Kusaini ufunguo wa mtu: nikague nini?

SWALI: Tunakutana Mwanjelwa kusainiana funguo za GPG, programu ya kusimba (kufunga kwa siri) na kusaini ujumbe. Nikague nini kabla ya kusaini? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Kusaini ufunguo ni kuthibitisha kuwa kweli ni wa mtu huyo. Kila mtu aje na alama ya ufunguo wake (fingerprint), herufi na tarakimu 40, iliyochapwa kutoka kompyuta yake mwenyewe. Aisome kwa sauti, wewe ufuatilie kwenye karatasi. Zile 8 za mwisho hazitoshi. Ni rahisi kutengeneza ufunguo mwingine wenye mwisho huohuo. Kisha kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Ufunguo ukisema “Baba Neema” na kadi ikasema vingine, acha. Picha ya kadi kwenye simu ikatae, hata ya shemeji. Nyumbani, pakua ufunguo, linganisha tena zote 40, saini, kisha tuma saini kwa kila anwani ya barua pepe iliyomo kwenye ufunguo, ikiwa imesimbwa kwa ufunguo huohuo. Asiye mwenyewe hataifungua.