Maepo ya aina ya Anna kulainika ndani ya wiki

Ndugu uliyeuliza kwa nini maepo ya Anna uliyonunua Njombe yamekuwa kama unga ndani ya wiki: si ugonjwa. Anna hulainika haraka, na joto la jikoni huongeza kasi. Yaweke droo ya chini ya friji, bila karoti wala mboga za majani humo. Gesi inayotoka kwenye epo huzifanya karoti chungu na majani kuwa ya njano. Epo lililochubuka ule leo hii.

Kama mti ni wako, pasua tunda moja kabla ya kuvuna. Mbegu nyeupe, subiri. Zikiwa za kahawia, anza. Usivute: liinue huku ukilizungusha, litoke na kikonyo chake, maana likichanika pale juu huanza kuozea hapohapo. Karibu na mti huo panda mche wa epo la aina ya Dorsett Golden, kwani Anna huzaa vizuri ikipata chavua ya aina nyingine inayochanua pamoja nayo.

Kwa kula, mimi ni Anna tu, ikiwa bado ngumu na ukali kidogo. Dorsett ni tamu zaidi, watoto huipenda. Yaliyokwisha kulainika yachemshe na sukari kidogo na ndimu, upake mkate.