Jina la nani litangulie kwenye makala iliyotokana na tasnifu yako

Mkuu, umesema umemaliza tasnifu ya uzamili katika elimu, na msimamizi wako anataka makala itoke jina lake likitangulia. Juu ya hapo anataka uongeze jina la mhadhiri mwenzake ambaye hujawahi hata kukaa naye. Wakati huohuo kuna jarida limekuandikia kwamba litakuchapisha ndani ya siku tano ukilipa dola 150, nawe unawaza kutuma pia kwenye jarida la chuo ili litakalojibu kwanza uende nalo. Nimehakiki miswada ya elimu kwa miaka mingi na nimekaa kwenye bodi ya wahariri, kwa hiyo nitakujibu nikiwa upande huo.

Majina kwanza, maana hapo ndipo wanafunzi wanapoonewa sana. Kigezo kinachofuatwa na majarida mengi kilianza kwa wahariri wa majarida ya tiba. Mwandishi ni mtu aliyechangia kwa uzito wazo la utafiti, data au uchambuzi, akashiriki kuandika au kurekebisha muswada kwa kina, akaidhinisha nakala ya mwisho, na akakubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Yote manne yanatakiwa kwa pamoja. Msimamizi aliyekusaidia kuunda maswali ya utafiti, akakurudishia sura zimejaa wino mwekundu, kisha akaushughulikia muswada wa makala, anastahili kuwa mwandishi mwenza, na usimnyime. Kutangulia ni jambo jingine. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, wenye mtindo wa APA tunaoutumia kwenye marejeo, wanaelekeza kwamba makala iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya tasnifu ya uzamivu itangulize jina la mwanafunzi, isipokuwa kwa sababu za pekee kabisa. Sioni kwa nini wa uzamili atendewe tofauti.

Mhadhiri wa pili haingii. Kama alikuazima kitabu au alikusomea sura moja, mshukuru kwenye sehemu ya shukrani. Najua kupanda cheo vyuoni kunategemea makala, na najua shinikizo lake, lakini jina la mtu asiyefanya kazi ni uongo kwa kila atakayeisoma makala hiyo.

Utamwambiaje msimamizi? Usimwendee kwa shari. Majarida mengi sasa yanataka maelezo ya nani alifanya nini, na kuna orodha inayotumika sana yenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kutafuta fedha. Mwambie, "Mwalimu, jarida linataka tujaze mchango wa kila mmoja, naomba tuijaze pamoja kabla sijatuma." Mkikaa na karatasi hiyo, nafasi ya mhadhiri wa pili itabaki tupu bila wewe kugombana na mtu. Makubaliano yenu yaandike kwenye barua pepe, na rasimu zako zote zitunze. Mgogoro wa majina ukizuka baadaye, mhariri haamui nani mkweli. Mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, unamtaka alirudishe suala kwa chuo chenu, na huko utaulizwa ushahidi.

Kutuma majarida mawili kwa pamoja, usifanye. Wahakiki, yaani wataalamu wanaompimia mhariri ubora wa muswada, wanasoma bila malipo, usiku, baada ya kusahihisha mitihani. Na uwanja wetu Afrika Mashariki ni mdogo: niliwahi kuletewa muswada uleule na majarida mawili tofauti, wa pili ukiwa umebadilishwa kichwa tu. Niliwaandikia wahariri wote wawili, na wote waliukataa. Ukiona kimya kimezidi, uliza. Ukichoka kungoja, andika rasmi kwamba unauondoa, subiri wakujibu kuwa wameuondoa, kisha nenda kwingine.

Hilo la siku tano liache. Ada yenyewe si dhambi, yapo majarida mazuri yanayotoza, lakini wahakiki wawili hawawezi kupatikana, kusoma na kujibu, nawe ukarekebisha, ndani ya siku hizo. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon wa jarida la Science alituma makala ya uongo yenye makosa ya wazi kwa majarida 304 ya aina inayomtoza mwandishi ada, na 157 yakaikubali. Usidanganywe na ISSN, namba ya utambulisho inayopewa majarida, ile inatambulisha chapisho tu, haisemi lolote kuhusu ubora. Angalia kama jarida limo DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kisha chagua jina moja kwenye bodi yao, tafuta anwani yake kwenye tovuti ya chuo chake, umuulize kama anajua kwamba yumo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na mimi ndilo linaloniuma zaidi. Umesema ulihoji wanafunzi kuhusu adhabu za viboko. Barua ya chuo, ya mkoa na ya mkurugenzi wa halmashauri zinakufungulia mlango wa shule, basi. Ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe ni vitu vingine, na jarida makini litakuuliza ulivipataje. Halafu kuna kuficha majina. Tulipokea muswada ulioandika "Shule A", vizuri kabisa, kisha ukataja wilaya, ukasema ni ya bweni, ya wasichana, ya serikali, na ukanukuu "mwalimu wa nidhamu, mwanamke, mwenye uzoefu wa miaka 22". Wilaya ile ilikuwa na shule moja tu ya namna hiyo. Mwalimu yeyote wa pale angemtambua mwenzake, na angeweza kukisia ni mabinti gani waliosema. Tuliurudisha. Mwandishi alilalamika kwamba tunaua utajiri wa data yake, tukabishana kwa wiki kadhaa, mwishowe akaondoa wilaya na miaka ya kazi, na hoja yake haikupungua hata chembe. Pitia wa kwako kwa jicho la mkuu wa shule aliyekasirika anayetafuta nani kasema. Kila mahali anapoweza kumpata mtoto, futa.

Kama ulitumia programu ya akili mnemba kunyoosha lugha, tamka. Haiwezi kuandikwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kuwajibika.

Mwisho, kwenye barua kwa mhariri sema wazi kwamba makala imetokana na tasnifu yako, na kwamba tasnifu hiyo iko kwenye hazina ya chuo, yaani hifadhi ya kazi za wanachuo. Majarida mengi hayana tatizo na hilo, ila soma sera yao kwanza. Turnitin, programu inayolinganisha maandishi na yaliyokwisha andikwa, itaonyesha mfanano mkubwa, na mhariri aliyekwisha kuambiwa atajua mfanano huo unatoka wapi. Ndani ya muswada wenyewe usiandike "katika tasnifu yangu", kwa sababu mhakiki hatakiwi kukujua, na futa jina lako kwenye taarifa za faili.