Kabla ya kulipa ada, omba uone kazi ya mwisho

Cheti changu cha kwanza cha mafunzo ya ziada, nikiwa mwalimu wa watoto wadogo, nilikipata Jumapili usiku, karibu saa sita, nikiwa nimejilaza kitandani na simu mkononi. Kozi ilihusu tabia za watoto wa miaka miwili hadi mitano. Video kumi na mbili, kila moja ikifuatiwa na maswali matano ya kuchagua jibu, na ukikosa unarudia mpaka upate. Nilipata. Cheti kikaingia kwenye barua pepe hapo hapo, kimenakshiwa dhahabu pembeni.

Kesho yake asubuhi mtoto wa miaka miwili na nusu alimng'ata mwenzake shavuni kwenye kona ya vitalu vya kuchezea, mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Nilimbembeleza aliyeng'atwa, nikamwita mwalimu mwenzangu amshike mwingine, kisha nikabaki nimeduwaa. Kitu pekee nilichokumbuka kutoka kwenye zile video ni kwamba mtoto anayeng'ata anajaribu kusema jambo. Sawa, lakini jambo gani? Na mbona anang'ata saa nne, saa mbili hang'ati?

Miezi kadhaa baadaye nilijiunga na kozi nyingine, ya wiki nane, ambayo nusura niiache wiki ya kwanza. Kazi yake kubwa ilikuwa moja tu: chagua mtoto mmoja, mwangalie dakika kumi kila siku, uandike unachokiona na unachokisikia. Basi. Ukurasa wangu wa kwanza ulirudi umejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika "alikasirika". Mkufunzi akauliza: ulijuaje? Nikarudia: "alikunja ngumi, akatupa kitalu, akageukia ukutani." Nikapita.

Nilimchagua yule anayeng'ata, bila shaka. Kufikia wiki ya tatu, maandishi yangu yakawa yanasema kitu ambacho macho yangu peke yake hayakuwahi kuniambia. Alikuwa aking'ata katika ile nusu saa kabla ya uji, pale kwenye gari moja jekundu ambalo kila mtoto analitaka, na karibu kila mara mwenzake alikuwa amemsogelea kwa nyuma. Tukausogeza uji mbele, tukaongeza gari la pili linalofanana na la kwanza, tukamfundisha kusema "zamu yangu". Hakuacha mara moja, nisiwadanganye. Alipunguza, na mimi nikaacha kumwogopa.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kozi gani achukue, simuulizi jina la chuo wala urefu wa kozi. Namwambia aombe aonyeshwe kazi ya mwisho, ile anayotakiwa kuikabidhi ndipo apewe cheti. Waandikie barua pepe kabla ya kulipa. Wakikujibu kwamba kuna mtihani wa maswali ishirini, umeshajua unanunua nini. Wakikujibu kwamba utakabidhi kumbukumbu za mtoto, au andalio la somo ulilolifundisha na maelezo ya kilichoharibika, au video ukiwa darasani na mtu ataitazama na kukupa mrejesho, hapo kaa uongee nao. Kuna wasiojibu kabisa. Hao nao wamejibu.

Simaanishi maswali ya kuchagua hayana kazi. Kwa mambo ya kukumbuka tu, kama kanuni za usalama au utaratibu wa kuripoti mtoto anayedhulumiwa, yanatosha kuanzia. Ila huduma ya kwanza usiisomee kwenye video pekee, hata kama cheti kinakubalika kazini. Kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ni kazi ya mabega na pumzi, na nilichoka kwenye sanamu la mazoezi kabla hata dakika mbili hazijaisha.

Suala la saa linawachanganya wengi, kwa hiyo niliseme. Waajiri na mamlaka za leseni huhesabu saa za mafunzo, na baadhi ya watoa kozi huhesabu kwa kipimo kiitwacho CEU. CEU moja ni saa kumi za mafunzo, siyo saa moja. Mwenzangu aliwahi kuona "1.5" kwenye cheti akadhani ni saa moja na nusu, akajiandikisha kozi nyingine ambayo hakuihitaji. Tena, ulizia kwa mwajiri wako kabla ya kuanza kama anakitambua cheti chenyewe, na upewe jibu la maandishi.

Mfano mzuri wa cheti kinachodai zaidi ya kukaa na kusikiliza ni CDA ya Marekani, cheti cha walimu na walezi wa watoto wadogo, inayotolewa na Council for Professional Recognition. Inataka saa 120 za masomo, ndiyo, lakini pia saa 480 za kufanya kazi na watoto wa umri husika, jalada la kazi zako, mtihani, na mtaalamu anayekuangalia ukiwa kazini. Hudumu miaka mitatu kisha unahuisha. Si lazima uchukue hiyo. Itumie kama kipimo: kozi unayoitazama inazo ngapi kati ya hizo?

Na jina lisikubabaishe. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyebuni mbinu ya kufundisha inayobeba jina lake, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, na mwaka 1929 akaanzisha shirika la AMI kulinda mbinu yake, lakini jina lenyewe halimilikiwi na taasisi moja. Ndiyo maana utakuta mafunzo yanayotumia jina hilo ya mwaka mzima, yenye mazoezi ya kushika zana moja moja mbele ya mkufunzi, na mengine ya siku mbili, nayo yanabeba jina hilo hilo. Uliza kazi ya mwisho.

Sasa kwa walimu wanaotaka kuhamia upande wa pili, usanifu wa mafunzo, yaani kupanga na kutengeneza kozi ambazo wengine watazisoma. Mimi nilihamia baada ya miaka tisa darasani, na nilianza vibaya kwa kujifunza programu. Nilichukua cheti cha kutumia Articulate Storyline, programu ya kutengenezea kozi za mtandaoni, nikajua kufanya vitufe viruke na picha ziteleze. Kozi yangu ya kwanza kazini ilikuwa na kurasa sitini na kitufe cha "endelea". Wafanyakazi walikibonyeza wakiwa wanakunywa chai. Mwisho wakapata cheti chenye nakshi pembeni. Nilipokiona nilicheka peke yangu, kicheko cha aibu: nilikuwa nimewatengenezea wenzangu kitu kile kile nilichokipata kitandani Jumapili ile.

Kilichoninasua ni kozi iliyotulazimisha kutengeneza somo kwa ajili ya mtu halisi mwenye tatizo halisi, kisha kurudi kwake baada ya mwezi kuuliza nini kimebadilika. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa kutathmini mafunzo, alishaligawa jambo hili katika ngazi nne tangu mwaka 1959: walipenda, walijifunza, wanakifanya kazini, na kazi yenyewe imenufaika? Kozi nyingi, yangu ya kwanza ikiwamo, zinaishia kuuliza kama walipenda. Utafundishwa pia ADDIE, mtiririko wa uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Florida State kwa jeshi la Marekani mwaka 1975. Ni rahisi kuukariri. Angalia kama kozi inakupa wiki mbili nzima za uchambuzi au inaupitia kwa slaidi moja, maana uchambuzi ndipo unapogundua kwamba tatizo la watu halikuwa mafunzo kabisa, ni fomu mbaya au vifaa vichache.

Mwalimu wa watoto wadogo ana mtaji mkubwa hapa, hata kama matangazo ya kazi hayausemi. Ukipanga meza ya maji ukaamua beseni liwe wapi, vikombe vingapi, kipi kitolewe leo na kipi kesho, unasanifu. Tulichopungukiwa ni vitu vya kujifunza kwa miezi michache: kuandika lengo kwa kitenzi kinachopimika, siyo "aelewe"; kumhoji mtaalamu anayejua mada yake kuliko wewe na anataka yote iingie; kulitoa faili katika umbo la SCORM ili mfumo wa kuendeshea kozi ulikubali; na kuhakikisha mtu asiyeona vizuri anaweza kuisoma kozi yako. Hili la mwisho lina kipimo: kwa maandishi ya kawaida, mwongozo wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wenye ulemavu, unataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya herufi na ya nyuma yake. Rangi ya kijivu niliyoipenda sana haikufika.

Jaza jalada lako kabla hujamaliza kozi. Waliponihoji kwa kazi ya usanifu hakuna aliyetaka kuona vyeti. Walifungua somo langu la dakika saba, wakauliza kwa nini nilikata sehemu fulani.

Jambo dogo la mwisho, lililonigharimu. Siku unayopata cheti, pakua na muhtasari wa kozi, idadi ya saa, tarehe na jina la mkufunzi, uviweke pamoja mahali pawili. Mtoa kozi mmoja niliyesoma kwake alifunga tovuti yake, na nilipohitaji kuthibitisha saa kumi na nane nilikuwa na picha tu ya cheti, imekatwa chini pale palipoandikwa saa. Nilizisoma upya.