Usiseme unaipenda kazi kabla mshahara haujaandikwa

Mkuu, usisaini. Unaacha kazi inayokulipa vizuri uende kwa nusu mshahara kwa sababu "wana maono", na bosi mpya kaahidi kwamba maslahi mtayaangalia mbele ya safari. Halafu unauliza barua ya kuacha kazi iandikweje bila kumuudhi bosi wa sasa. Hilo la barua liache kwanza.

Ahadi hiyo niliwahi kupewa na mimi. Kwenye usaili mkurugenzi akanisimulia jaribio la mwanasaikolojia Edward Deci la mwaka 1971: wanafunzi walipewa chemshabongo ya kupanga vipande, na wale waliolipwa, malipo yalipoondolewa, hamu yao ikapungua. "Umeona? Pesa inaua ari." Nikaitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani. Alichoruka ni kwamba hakuna mwanafunzi aliyetegemea vile vipande kulipia pango! Mwanasaikolojia mwingine, Herzberg, mabosi nao wanapenda kumtaja, kwamba mshahara hauleti ari. Kitabu chake hichohicho cha 1959 kinasema mshahara usioridhisha unaleta kinyongo, lakini ukurasa huo haufunguliwi kwenye usaili.

Sasa sikia nilipojimaliza. Kabla hata kiasi hakijatajwa, nilimwambia kazi hii ningeifanya hata bure. Akaniamini. Tangu siku hiyo kila nikigusa suala la nyongeza ananirudishia maneno yangu: "Si ulisema hukufuata pesa?" Nilibeba kazi ya mwenzetu aliyeondoka, nikafanya wikiendi, na kulalamika nikaona ni kulisaliti wazo. Mwishowe wazo lenyewe akalitupa yeye. Alipata mteja mwenye hela, na mradi ulionipeleka pale ukazikwa kwenye kikao ambacho sikualikwa. Nikabaki sina wazo wala akiba. Maslahi kweli yaliangaliwa mbele ya safari, ila yalikuwa ya kwake. Tapeli mwenye projekta yule, Mungu anamwona.

Na usidhani ni hasira zangu tu. Watafiti Bunderson na Thompson mwaka 2009 walichapisha utafiti juu ya watunzaji wa wanyama kwenye bustani za wanyama. Walioiona kazi yao kuwa wito walikuwa radhi kupoteza kipato kwa ajili yake, na ikawa rahisi zaidi kwa waajiri kuwanyonya. Kwa hiyo, mapenzi yako kwa kazi mwajiri anayapigia hesabu.

Jadili mshahara kama mtu asiyeipenda kazi hiyo hata chembe. Uso mkavu. Ukishasaini, ipende mpaka ulie, hakuna atakayekuzuia. Wazo ni la mwenye kampuni, analibadilisha akitaka, lakini kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba hawezi kukifuta peke yake.

Mwandikie huyo bosi mpya leo hii umuulize: nyongeza ni kiasi gani, mwezi gani, na ipo kifungu cha ngapi. Akikujibu kwa aya tatu za maono, baki ulipo.