Taa ya ABS haizimwi kwa plaizi

Wadogo zangu mliokuja fildi, jana nimemkuta mmoja wenu kajilaza chini ya dashibodi na plaizi, anatafuta waya wa taa ya ABS, mfumo unaozuia tairi kufunga ukikanyaga breki, aukate ili mteja aondoke anacheka. Nimemvuta mguu. Tuelewane kabla msimu wa korosho haujatujazia uwanja.

1. Taa ikiwaka, breki za kawaida bado zipo. Kilichojitoa ni ule ujanja wa kuachia na kukamata tairi likitaka kufunga, mara nyingi kwa sababu kompyuta haiamini inachoambiwa na sensa inayosoma mzunguko wa tairi. Bosch waliutoa pamoja na Mercedes-Benz mwaka 1978. ESP, mfumo wa kuzuia gari kuserereka, ilipokuja 1995, nayo ikategemea sensa hizohizo za tairi.

2. Toyota za zamani: unganisha tundu namba 4 na 13 kwa waya kwenye soketi ya kupimia, hesabu taa ya ABS inavyopepesa upate namba ya kosa. 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 ya mbele kushoto. Ramli waachie waganga.

3. Beringi. Hapa nikae kidogo, maana nimewaona mnazishika hovyo kama nilivyozishika mimi.

Beringi nyingi za sasa zina sumaku kwenye sili ya upande mmoja, na upande huo ndio unaotazama sensa. Mimi niliipiga presi kinyume. Gari la mwalimu wa Newala, Ijumaa jioni, ananisubiri kwenye benchi na mkoba wake. Taa ikawaka. Badala ya kujishuku, nikashuku sensa. Nikaweka multimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, haikusoma cha maana, nikaihukumu. Kumbe ni sensa ya Hall, aina inayohisi sumaku, na bila kupewa umeme haisemi kitu! Nikamnunulisha mwalimu mpya. Taa iko palepale. Nikamtangazia kuwa kompyuta imekufa, tena kwa sauti ya daktari bingwa.

Akaniuliza kwa upole, "Fundi, kabla hujafunga hiyo beringi, kompyuta ilikuwa hai?"

Nilijifanya natafuta spana. Bosi wangu, mzee asiyependa maneno, akaokota beringi kuukuu, akaisogezea pini ya karatasi. Upande mmoja pini ikanasa, wa pili ikaanguka. Akaniangalia, akaenda kunywa chai. Beringi ukishaing'oa kwa presi hairudi, kwa hiyo mpya niliinunua kwa pesa yangu, na ile ya sensa nikamrudishia mwalimu kwa mafungu. Pini ninazo kwenye sanduku la spana. Aziombe anayetaka, zipo nyingi.

4. Umefanya alaimenti, yaani kunyoosha tairi, kwenye gari lenye ESP? Sensa ya usukani irudishwe sifuri. Na tairi zote nne saizi moja.

5. Madereva wa huko juu Makonde watawaambia ABS haifai mchangani, mtoe fyuzi. Hawajakosea kabisa: tairi lililofunga hukusanya mchanga mbele yake, gari likasimama mapema, na ABS haiachii hilo litokee. Ila tairi lililofunga halifuati usukani, na dereva huyohuyo atateremka zile kona za Newala na mzigo, mvua imenyesha. Mwambieni apunguze mwendo kwenye mchanga. Aking'ang'ania fyuzi na kuwaonyesha noti, mleteni kwangu, na noti yake mkononi mwake.