Anza na chanjo ya homa ya ini kabla hujashika kisu

Wadogo zangu, madaktari tarajali mnaoanza upasuaji huku Mbeya, Iringa na Njombe, nawaandikia mimi nesi wa thieta, niliyewapa visu wengi waliowatangulia. Mkifika, swali la kwanza huwa VVU. Mna haki kuuliza: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe inaongoza nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima. Nikiwauliza kama mmemaliza chanjo ya homa ya ini B, wengi hunyamaza.

Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika kila machomo 1,000. Ya homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, yaweza kufika 30 kati ya 100. Na hiyo ndiyo yenye chanjo! Ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Kisha pimeni baada ya mwezi au miwili, kwani wapo ambao mwili wao haujengi kinga.

Mezani, kinachotuumiza zaidi ni kupokezana vyenye ncha mkono kwa mkono. Tumieni kidishi: nesi anaweka kisu, anatamka "kisu", daktari anachukua na kukirudisha humohumo. Mwanzoni mtaona tunachelewa, ila mikono huzoea haraka. Vaeni glovu mbili. Ya nje ikitoboka, ya ndani mara nyingi hubaki nzima. Mnapofunga tumbo, ombeni sindano butu kwa tabaka za ndani, na msiitafute ncha kwa kidole hata damu ikiwazuia kuona ndani ya kidonda. Miwani pia, tafadhali.

Ukichomwa, mwachie mwenzako chombo, vua glovu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usitie jiki. Toa taarifa saa hiyohiyo: dawa za kukinga VVU zianze ndani ya saa chache, zisivuke saa 72, na zinywewe siku 28. Inaniuma kuona bingwa anamaliza kazi, anavua glovu iliyotoboka na kuondoka kimya, huku watarajali wanamtazama na kujifunza ukimya huo.

Na kwa kuwa dirisha la CTC, kliniki ya VVU inayotoa dawa hizo, hufungwa jioni, ilhali wajawazito wanaohitaji upasuaji huletwa usiku, daini dozi ya kwanza ya dawa hizo iwekwe kabatini humohumo thieta, ufunguo akae nao nesi wa zamu.