Wadogo zangu, msiisukume chi

Jumapili alfajiri, pale kando ya ziwa la Donghu, nilimkuta mdogo wetu mmoja aliyetua Wuhan Septemba hii amesimama nguzo, lile zoezi la kusimama tuli, chini ya mti. Meno ameyauma, mishipa ya kipaji imemtoka, pumzi ameifunga. Nikasubiri afunge zoezi. Hakufunga, aliangusha mikono akachukua simu. Nikamuuliza yuko wapi siku hizi.

"Dada, niko Yuzhen. Weilü na Jiaji nimeshapita."

Hiyo ni milango mitatu ambayo chi, nguvu ya uhai, hupita ikipanda mgongoni: Weilü kwenye kifandugu, Jiaji katikati ya mgongo, Yuzhen kisogoni. Naye ana wiki tatu tangu aanze Baduanjin, yale mazoezi manane ya chigongi, mazoezi ya Kichina ya mwili, pumzi na fikra.

Siku nzima moyo wangu haukutulia. Kila mwaka mnakuja wapya, tunawapokea kwa mikono miwili, na kila mwaka kosa ni lile lile, kuisukuma chi. Mwaka mmoja aliyelifanya nilikuwa mimi. Basi nisikilizeni.

1. Simameni kwanza. Wang Xiangzhai, aliyeanzisha sanaa ya kupigana ya yiquan, aliwaondolea wanafunzi wake mfululizo wa mapigo ya kukariri, akaufanya usimamaji kuwa kiini cha mafunzo. Ninyi mnaona ni kupoteza muda! Anzeni na dakika tano kwa wiki nzima, kisha ongezeni moja. Kifandugu kining'inie, mabega yashuke. Laoshi, mwalimu wetu, akipita nyuma yenu akasema "song", hataki mlegee kama mlenda. Anataka muachie kilichokaza bila kuporomoka. Neno hilo lilinichukua mwaka mzima, na nililielewa ndani ya basi. Dereva alifunga breki, watu wakayumba, nami nikakuta miguu yangu imeshajibu yenyewe kabla sijafikiri. Nilishuka kituo kilichofuata nikatembea hadi bwenini huku natabasamu, watu wananitazama.

2. Msifanye mkiwa mmeshiba wala mkiwa na hasira. Upepo usiwapige kisogoni. Ulimi uguse kaakaa. Mwenye pumu, kifafa au shinikizo la damu asiache dawa zake hata siku moja kwa ajili ya chigongi.

3. Mzunguko Mdogo wa Mbingu, yaani kuizungusha chi juu mgongoni na chini kifuani. Hapa tukae.

Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa tatu wa mazoezi, Laoshi alikuwa bado ananipa Baduanjin na nguzo tu. Nilidhani ananichelewesha. Nilikuwa nimetazama video nyingi, najua njia ya chi iitwayo Du inapanda mgongoni na ile ya Ren inashuka kifuani, najua milango yote mitatu kwa majina. Nikaanza peke yangu, usiku, bwenini. Taa zikizimwa nakaa kitandani, nakaza Huiyin, pale kwenye msamba, nafunga pumzi, naisukuma fikra kutoka dantieni, chini ya kitovu, hadi kwenye kifandugu, kisha juu. Usiku wa tano nilihisi joto linapanda kiunoni kama mtu ananimiminia chai. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Natamani usiku ule ningenyanyuka, ninywe maji, nilale. Nilisukuma zaidi, kwa sababu nilitaka kufika Baihui, utosini, kabla ya likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina.

Joto likafika kisogoni likaganda. Kuanzia asubuhi ile nilitembea na kitu kama sufuria ya moto iliyofunikwa kichwani, na miguu baridi hata ndani ya soksi mbili. Nikilala, moyo unakwenda mbio. Usingizi ulikuwa saa moja au mbili kwa usiku. Nilimfokea mwenzangu wa chumbani kwa sababu kijiko chake kiligonga bakuli. Mama alipopiga simu kutoka Tanga, sauti yake iliniuma masikioni, nikakata. Akapiga tena, nikazima simu. Hilo linanichoma hadi leo kuliko maumivu yenyewe. Na kila alfajiri nilikwenda ziwani, Laoshi ananiuliza umelalaje, namjibu vizuri. Wiki mbili nilimdanganya mama mtu mzima aliyekuwa ananimiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa yake kila asubuhi ili vidole vyangu visife ganzi.

Siku moja hakuniuliza. Alinishika kifundo cha mguu, halafu kisogo. "Umeipandisha. Nani alikuambia?" Nikaangua kilio mbele ya wazee wote wa taichi.

Aliacha mazoezi yake akanipeleka hospitali kwanza. Walipima moyo, walipima shinikizo la damu, wakakuta salama. Daktari akaniuliza moja kwa moja kama nafanya chigongi. Hali hii Wachina wanaijua tangu zamani. Wanaiita zouhuo rumo, moto umepotea njia na pepo ameingia. Hata mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 1994 ulitaja wazimu unaoweza kumpata mtu baada ya chigongi. Sikufika huko. Lakini njia ilikuwa hiyo hiyo, na nilikuwa naifuata usiku, peke yangu, kwa siri.

Tiba ya Laoshi ilikuwa miezi miwili bila kukaa kutafakari, na kuiacha dantieni kabisa. Kutembea kando ya ziwa. Kula kwa wakati. Kuloweka miguu katika maji ya moto kila usiku, fikra ikae Yongquan, chini ya nyayo, au isikae popote. Niliporudi kulala usiku mzima ulikuwa mwezi wa nne, na maua ya micheri yalikuwa yameshapukutika. Mwaka ule sikuyaona. Ndipo akanisimulia kisa wanachokijua watoto wote wa Kichina, cha mkulima wa dola ya kale ya Song aliyeona miche yake haikui, akaivuta mmoja mmoja. Alirudi nyumbani amechoka, akasema leo nimeisaidia kukua. Mwanawe alikimbia shambani akaikuta imenyauka. Watao, wafuasi wa dini ya Tao, walichukua humo maneno mawili ambayo ningependa myaseme kila mnapofumba macho: usisahau, usisaidie.

4. Fungeni zoezi, nawasihi. Mikono juu ya dantieni, subirini, sugueni viganja, jipakeni usoni. Dakika mbili tu.

5. Msikimbilie Wudang, milima ya Watao. Kilele cha Tianzhu kina mita 1,612 na hakihami. Watao wenyewe huzungumzia siku 100 za kuweka msingi, na kuna mmoja wenu ameniomba nauli ana siku kumi na moja. Mkitaka safari yenye faida ya sasa hivi, nendeni Changsha mkaone mchoro wa hariri uliotoka kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Una watu 44, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana, wanajinyoosha, wanainama, mmoja anamwiga dubu. Nilikaa mbele yake muda mrefu nikitafuta mtu mmoja aliyeyauma meno. Rangi imefifia na nyuso nyingi hazisomeki, lakini migongo inasomeka. Tazameni migongo ile jinsi ilivyotulia. Nilipiga picha, nikamtumia mama.

6. Mwambieni mwalimu ukweli wa usingizi wenu. Yeye hana kipimo kingine cha kuona mnachokifanya bwenini. Mkilala vibaya siku tatu, semeni siku ya tatu, msingoje wiki mbili. Hatawafukuza. Mimi hakunifukuza.

Yule mdogo wetu wa Jumapili, niliacha habari za Yuzhen nikamuuliza analala saa ngapi. Alitazama viatu vyake. Nikachukua begi lake, tukaenda kukaa kwenye benchi kumsubiri Laoshi, naye akaanza kunieleza, polepole, kuanzia usiku wa kwanza.